Familia Inayocheza Kila Jumamosi

Si zamani sana, na si mbali sana, lakini kwa usalama wangu mimi ninayesema na wako wewe unayesikia, tukubaliane kwamba ni zamani na ni mbali. Palikuwa na nchi yenye serikali iliyowapenda watu wake mpaka ikawanyima usingizi. Jina la nchi nimelisahau. Hata nikilikumbuka, nitalisahau tena.

Katika mji mmoja wa nchi hiyo aliishi dobi aitwaye Sikudhani, mwanamke wa mikono myepesi na roho juu juu. Alifua na kupiga pasi sare za watumishi wa serikali. Mumewe, Kibwana, alikuwa fundi baiskeli. Watoto wao walikuwa wawili: Pili, wa miaka tisa, na Chausiku, kitinda mimba, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka miwili. Na humohumo ndani alikaa mama yake Kibwana, Bi Mashavu, bibi mcheshi aliyeshikwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, tangu kabla Chausiku hajazaliwa.

Mjukuu huyo hakuwahi kumwona. Alimjua kwa kumpapasa. Kila asubuhi alimpakata, akampitisha kidole puani na kwenye nyusi, kisha akauliza, "Amefanana na nani huyu?" Kibwana alisema amefanana na marehemu babu yake. Pili alisema amefanana na paka wa jirani. Sikudhani alisema, "Utamwona mwenyewe, mama. Subiri kidogo."

Hiyo "subiri kidogo" ndiyo iliyomkosesha Sikudhani usingizi. Daktari Mwamvita wa Hospitali ya Macho, ya pekee mjini, alikuwa amemwambia wazi kwamba kazi yenyewe ni ya nusu saa kwa kila jicho, lakini mwaka usiishe. "Ukichelewa yatakomaa sana, nami sitakuahidi kitu. Jicho si mchezo, mama," alisema, na Sikudhani akarudi nyumbani akihesabu miezi njiani.

Pesa ya nusu saa hiyo hakuwa nayo, basi akaingia kwenye mchezo. Nanyi mchezo mnaujua: wanawake kumi na wawili, kila wiki kila mmoja anatoa chake, na kila wiki mmoja anaondoka na chote. Mkusanyaji, yaani kijumbe, alikuwa Bi Mwantumu, mwanamke mnene wa sauti ndogo, ambaye hajawahi kuandika jina la mtu popote wala kumsahau mtu yeyote. Waliokota vikaratasi, Sikudhani akapata namba kumi na mbili, ya mwisho kabisa. Hakununa mbele za watu. Alikwenda kununia nyumbani, na toka hapo akaanza kuhesabu Jumamosi.

*

Sasa, nchi hiyo ilikuwa na Bustani.

Ilijengwa na Wizara ya Furaha, Mapumziko na Mapato, baada ya wataalamu kugundua kwamba wananchi wana sura za kuchoka na zinawatisha wageni. Siku ya kuizindua, Waziri alihutubia kwa saa tatu juani. "Ndugu zangu," alisema, "taifa lisilobembea ni taifa lililosimama. Na taifa lililosimama, litakwendaje?" Watu kumi na mmoja walianguka kwa jua, wakaandikwa kwamba wamezidiwa na furaha.

Bustani Kuu ya Bembea ilikuwa na kila kitu. Palikuwa na Dudu la Kuzunguka, palikuwa na Gari la Kuporomoka, palikuwa na farasi wa mbao na mabwawa ya kutumbukia. Viti tu ndivyo havikuwepo, kwa sababu kukaa ni uvivu, na mtu aliyekaa hanunui kitu. Kila familia ilipewa Daftari la Furaha, na kila mwezi ilitakiwa iende Bustanini, ilipe, ibembee mara tano, igongewe muhuri. Daftari likikosa muhuri, mtoto haandikishwi shule, bomba halitoi maji, na maiti haipati kibali cha kuzikwa. Yupo mzee mmoja alikaa siku nne akingojea wanawe waende kubembea.

Bei ya tiketi ya familia ilikuwa debe zima la unga na mafuta yake. Wizara haikuwaacha watu hivihivi. Iligawa kijitabu kiitwacho Akiba ya Furaha: Njia Arobaini, bure kabisa, kwa ada ndogo. Njia ya kwanza ilisema mlo wa mchana ni mazoea tu. Ya tisa ilisema chai haidai majani kila siku, kwani sufuria lililopika chai jana linakumbuka. Ya kumi na saba iliwashauri wazazi wasiwavishe watoto viatu siku ya Bustani, maana tiketi ya mtoto ilipimwa kwa urefu. Ya ishirini na mbili ilikuwa fupi: ugonjwa unaoweza kusubiri, usubiri.

Nyumbani kwa Sikudhani njia hizo zilifuatwa zote, na wakabuni ya kwao. Bi Mashavu alikuwa haonjeshwi shida. Sahani yake ilijazwa kama kawaida, wali na mchuzi, na kipande cha samaki kikiwepo. Wengine wanne walikaa mkekani mbele ya sahani zenye tonge mbili tatu, na wakishamaliza waliendelea kugongagonga vijiko kwenye sahani tupu, ili bibi asikie watu wanakula. Pili alikuwa hodari wa kugonga. Alijua hata kugonga kama mtu anayeongezewa.

"Leo mmekula sana," Bi Mashavu alisema.

"Tumeshiba, mama," alijibu Kibwana, akikaza mkanda.

*

Mambo yaliharibika wiki ya pili ya mchezo, siku ya Jumanne, alipokuja Bwana Huzuni.

Huyu alikuwa Afisa Furaha wa Kata. Jina hilo alipewa kwa sababu siku aliyozaliwa nyumba ilikuwa na msiba, naye alilibeba vizuri. Alikuwa na mashavu ya kung'aa, shati lililofungwa mpaka kooni, na fomu. Sikudhani alikuwa na pasi mkononi, makaa yamekolea, suruali tatu zinamngoja.

"Hodi hapa. Sensa ya Furaha."

"Karibu, bwana. Niwie radhi, siwezi kuiweka hii chini."

Alipitia maswali sita yasiyo na maana kwetu. Halafu akasema, "Swali la saba. Familia hii inacheza mchezo?"

Sikudhani alishtuka. Alijiuliza serikali imejuaje. Lakini mchezo si siri, mtaa mzima unacheza, hata mke wa diwani. "Tunacheza," alisema.

"Mara ngapi?"

"Kila wiki. Jumamosi."

Kalamu ya Bwana Huzuni ilisimama. Nyumba zote alizopitia walimjibu mara moja kwa mwezi, tena kwa uwezo wa Mungu. "Kila wiki? Bila kukosa?"

"Ukikosa wiki moja unawaumiza wenzako, bwana. Mchezo ni uaminifu."

"Mchezo ni uaminifu," alirudia huku akiandika. "Mko wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Na mnafurahi?"

"Siku ya kupokea, mtu hulia kwa furaha. Mwaka jana Mama Siwema alizimia."

"Alizimia," Bwana Huzuni aliandika, akapiga mstari chini yake. "Na wewe, mama?"

"Mimi zamu yangu bado. Ikifika tu, namtoa mama mtoto wa jicho."

Kalamu ikasimama tena. "Mtoto huyo ana umri gani?"

"Atakuwa na miaka miwili na nusu sasa," alijibu Sikudhani, ambaye alikuwa ameshasikia harufu ya suruali kuungua na akili yote iko huko. "Tena ni macho yote mawili."

"Mapacha," Bwana Huzuni aliandika. Alifunga fomu kwa heshima, akaondoka kinyumenyume kama anayetoka kwa mfalme.

Wiki haikuisha, kikaja kibao cha bati kikapigiliwa mlangoni: FAMILIA YA MFANO. Pamoja nacho kulikuwa na barua. Kwa kuwa familia hii imethibitika kucheza kila Jumamosi, na kwa kuwa Furaha ya Taifa haiwezi kurudi nyuma, kuanzia sasa itahudhuria Bustanini kila Jumamosi, kwa gharama zake na kwa shangwe, ikiambatana na watoto wake wanne, wakiwemo mapacha wa Jicho.

Sikudhani aliisoma mara mbili, akavaa khanga ya kutokea, akaenda ofisini kwa Bwana Huzuni karibu anakimbia.

"Bwana, tumeelewana vibaya. Mchezo ule si wa bembea. Ni wa pesa."

Bwana Huzuni aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. "Hebu rudia. Mnakusanyika watu kumi na wawili?"

"Ndiyo."

"Mnatoa pesa, mnaokota vikaratasi, na mmoja anaondoka na zote?"

"Kwa zamu, bwana."

"Hiyo kisheria inaitwa kamari. Miaka saba kila mtu. Saba mara kumi na mbili ni themanini na minne." Alimtazama kwa upole wa kweli. "Sasa, mama, niambie tena taratibu. Mnacheza mchezo gani?"

Sikudhani aliwaona wenzake kumi na mmoja mbele ya macho yake, mmoja mmoja, akiwemo Bi Mwantumu na sauti yake ndogo. "Bembea, bwana," alisema.

"Nilijua."

"Na hao mapacha? Mama hana mapacha. Yale ni maradhi."

"Kilichoandikwa hakifutwi. Waache tu. Wakikua watafurahi."

*

Basi wakaanza kwenda. Kila Jumamosi nyumba nzima ilitoka alfajiri, Kibwana mbele amemshika mama yake mkono, Sikudhani nyuma na Chausiku mgongoni, Pili katikati anafanya mazoezi. Mazoezi yenyewe yalikuwa ya kutembea amekunja magoti ndani ya gauni, ili asizidi kipimo cha mlangoni. Aliyazoea hata shuleni akawa anatembea hivyo, na mwalimu akadhani ni heshima.

Mlangoni alisimama bawabu Sururu na ufito wake wa kupimia. Pili alipita. Chausiku alipita. Ikaja zamu ya mapacha.

"Wako wapi?" aliuliza Sururu.

"Wamo machoni," alisema Bi Mashavu. "Wachungulie."

Sururu alichungulia kweli. Alirudi kwenye orodha yake, akakuna kichwa, akasoma kanuni: asiyepimika anahesabiwa mrefu. Mapacha wa Jicho wakalipiwa tiketi mbili za watu wazima.

Ndani hapakuwa na kutulia. Ukisimama, kipaza sauti kinakuuliza una tatizo gani. Walipanda Dudu la Kuzunguka, wakashuka wanayumba, wakasukumwa kwenye Gari la Kuporomoka, wakatoka humo wakakimbilia farasi, maana muhuri haugongwi kabla ya bembea ya tano na foleni haikungoji. Bi Mashavu juu ya Dudu alishika kilemba chake kwa mikono miwili.

"Tumefika wapi?" alimuuliza mkwewe.

"Palepale, mama."

"Na mwendo wote huu?"

"Ndiyo starehe yenyewe, mama."

Kwa Jumamosi tatu hali ilikuwa hiyo. Debe la unga likawa nusu debe, kisha kopo. Tonge tatu zikawa moja, na vijiko vikagongwa zaidi. Wiki ya tano Sikudhani alimfuata Bi Mwantumu uani kwake, mikono mitupu, machozi yanamtoka bila kujificha.

"Sina cha kutoa wiki hii. Tiketi imemaliza."

"Usipotoa unajua mila," alisema Bi Mwantumu kwa sauti yake ndogo. "Unatoka, na zamu yako inakwenda na maji. Mimi nakupenda, lakini kumi wengine nao wana shida zao. Nakupa mpaka Jumatatu."

Sikudhani alirudi nyumbani akafua. Hakuwa na kingine cha kufanya.

*

Dobi yeyote anajua kwamba kabla ya kuloweka unapekua mifuko. Sikudhani alishakuta humo funguo, barua za mapenzi, vidonge, na mara moja jino la bandia, na vyote alivirudisha kwa wenyewe. Jumapili hiyo aliingiza mkono kwenye suruali ya sare ya bawabu Sururu, akatoa muhuri wa Bustani.

Aliuweka juu ya ndoo akautazama. Aligeukia kazi nyingine, akarudi, akautazama tena. Mimi sisemi aliiba. Dobi haibi. Muhuri ulikuja wenyewe, katika suruali, na kesho yake ungerudi umepigwa pasi. Ni hapo katikati tu, kati ya kuja na kurudi, ndipo Daftari la Furaha la Sikudhani lilipopata mihuri ya Jumamosi saba zilizobaki, tarehe zikaandikwa kwa mwandiko mzuri wa Pili.

"Mama Pili," alisema Kibwana, "hili ni jambo la jela."

"Baba Pili, na mama asipoona je?"

Kibwana alikwenda kuwaita wanawake wa mchezo.

Jioni hiyohiyo wale wanawake kumi na mmoja walipita uani, kila mmoja na daftari chini ya khanga, wakijifanya wameleta nguo. Jumatatu Sikudhani alitoa pesa yake ya mchezo kama kawaida, kutoka kwenye ujira wa sare ambao ungekwenda kwenye tiketi, na kitu cha kupika kikapatikana. Sare ikarudi, muhuri mfukoni. Jumapili iliyofuata sare ikaja, na muhuri umo tena. Usahaulifu ni maradhi, na Sururu alikuwa mgonjwa sana, kwani Jumapili ya tatu mfukoni mlikuwa na muhuri pamoja na chupa ya wino.

Siri ya wanawake kumi na wawili ni siri ya mtaa, na siri ya mtaa ni siri ya mji. Wakaja na madaftari ya shangazi zao. Wakaja wa mtaa wa pili, wakaja wa ng'ambo ya mto. Kufikia wiki ya tisa, mji mzima ulikuwa umehudhuria Bustanini, na baadhi ya watu walihudhuria mara tatu kwa siku moja. Bustani yenyewe ilikuwa kimya. Farasi wa mbao waliota uyoga, na kunguru wakajenga viota ndani ya Dudu. Lakini Wizara haikwenda Bustanini. Wizara ilisoma takwimu, na takwimu zilikuwa za kutia machozi. Mapato, kusema kweli, yalishuka, ila Mapato ilikuwa idara nyingine, jengo jingine.

Waziri akasema redioni. Sikudhani alimsikiliza akiwa na pasi mkononi.

"Ndugu zangu, mmependa Bustani kuliko tulivyotazamia. Mnabanana humo kama dagaa. Hatuwezi kuwatazama mkiteseka kwa furaha. Kwanza, kila nyumba italipa Ada ya Msongamano. Pili, tutafungua Tawi, katika jengo moja la umma ambalo kwa muda mrefu halina wateja."

Sikudhani alicheka peke yake mpaka makaa yakaruka. Kulikuwa na majengo mengi ya umma yasiyo na maana, na hakujisumbua kuuliza ni lipi. Ada ya Msongamano ilikula kile alichokuwa ameokoa, kopo likabaki kopo, vijiko vikaendelea kugongwa. Lakini Jumamosi zilikuwa zinakwisha. Tatu. Mbili. Moja.

*

Wiki ya kumi na mbili Bi Mwantumu alimkabidhi furushi lake. Sikudhani hakulia kwa furaha wala hakuzimia. Alilifunga kwenye pindo la khanga, akamwita mumewe, wakampandisha Bi Mashavu nyuma ya baiskeli, wakaenda Hospitali ya Macho mbio mbio, Kibwana anasukuma, yeye anakimbia ubavuni.

Muziki waliusikia kabla hawajafika.

Ukuta wa hospitali ulikuwa umepakwa rangi ya njano na nyekundu. Juu ya lango palikuwa na kibao kikubwa cha TAWI LA BUSTANI KUU YA BEMBEA. Chini ya kibao alisimama bawabu Sururu, ndani ya sare ambayo Sikudhani mwenyewe aliipiga pasi juzi.

"Tumefika?" aliuliza Bi Mashavu. "Mbona hospitali ina ngoma?"

Sikudhani alikamata tandiko la baiskeli. Takwimu zile alizitengeneza yeye, uani kwake, kwa mkono wake. Alijiona kama mtu aliyekata tawi alilokalia, tena kwa furaha, akiimba.

"Karibuni, Familia ya Mfano," alisema Sururu. Hakuuliza tiketi. Alitoa muhuri mfukoni, akaushika upande wa wino, akamnyooshea Sikudhani mpini. "Gonga mwenyewe, mama. Umeshazoea." Alikuwa anatabasamu bila ubaya. Sururu alilipwa kwa idadi ya mihuri, na mwaka huo alikuwa amejenga nyumba.

Walimkuta Daktari Mwamvita ndani, koti lake jeupe limeshonewa vifungo vya rangi, mkononi ana filimbi. Alipowaona alitazama chini.

"Mimi sasa ni Mwendeshaji Michezo Daraja la Tatu," alisema. "Wodi imekuwa Treni ya Gizani. Vifaa vyangu wameviweka kwenye Nyumba ya Vitisho, watu wavione waogope. Walikuja na karatasi, mama Pili, wakanionyesha. Mji wote uko Bustanini, kwangu wagonjwa wawili. Ningesema nini?"

"Macho ya mama yamebakiza muda gani?"

Daktari alimkamata Bi Mashavu kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. "Hayana muda. Ni sasa. Lakini ndani ya uzio huu sheria inakataza kufanya chochote isipokuwa mchezo."

"Uliniambia jicho si mchezo."

"Nilisema." Aliangalia kule kwenye Nyumba ya Vitisho, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo. "Kila siku saa nne kuna Onyesho la Kisu. Napasua boga. Wamenipa nusu saa."

Walitazamana. Bi Mashavu, ambaye masikio yake yalikuwa mazima kabisa, ndiye aliyesema kwanza. "Mwanangu, mimi nimepanda lile Dudu mara tatu sina macho. Kisu kitanifanya nini? Nipelekeni mahali pa boga."

Furushi la mchezo lilinunua nafasi hiyo, kwa kuwa anayeonyeshwa hulipa zaidi ya anayetazama. Nusu saa ilitosha jicho moja tu, pacha mmoja. Saa nne juu ya alama, mbele ya fuvu la plastiki na popo wa kitambaa, Daktari Mwamvita alinawa, akachoma ganzi, akafanya kazi aliyosomea. Watu walipiga makofi kila alipobadilisha kifaa. Bwana Huzuni, mgeni rasmi, alijifunika uso kwa kofia toka mwanzo hadi mwisho. Baadaye alilalamika kwamba bibi hakupiga kelele hata mara moja, na hilo linashusha hadhi ya Vitisho.

Sikudhani alisimama nyuma ya pazia, ameuma khanga yake.

*

Kesho yake Daktari Mwamvita alikwenda nyumbani kwao, amevua vile vifungo vya rangi, kufungua bendeji. Bwana Huzuni naye alikuja, maana kila mchezo mpya lazima ufanyiwe tathmini. Alisimama mlangoni na fomu. Sikudhani alikaa mkekani amempakata Chausiku, Pili na Kibwana ubavuni kwake.

Bendeji ilitoka. Bi Mashavu alipepesa jicho, likatoa chozi, akapepesa tena. Alimwona Chausiku, akamtazama sana. Kila mmoja alingoja aseme amefanana na nani.

Hakusema. Alimtazama Pili. Akamtazama mwanawe Kibwana, shingo yake, mifupa ya mabega. Akamtazama Sikudhani kwa muda mrefu kuliko wote.

"Nyie," alisema, "mbona mmekonda hivi?"

Walikuwa wamekonda pamoja, kidogo kidogo, na mtaa mzima ulikonda nao, basi hakuna aliyekuwa ameona. Pili alikitazama kijiko chake kilichochomekwa ukutani, kisha akaanza kulia.

Bi Mashavu aligeukia mlangoni. "Na huyu ni nani?"

"Ni Afisa Furaha, mama," alisema Kibwana.

"Huyu mbona kanenepa?"

Bwana Huzuni alikohoa, akainamia fomu yake, akaandika kwa herufi kubwa: ONYESHO LIMESHINDWA, BIBI BADO HAONI VIZURI. Alitaka Daftari la Furaha ili aligonge muhuri na kutia sahihi ya tathmini. Sikudhani aliingia ndani kulichukua. Alitoka nalo mkononi, akampita Bwana Huzuni, akaenda mpaka jikoni, akachutama.

"Nipe sufuria kubwa," alimwambia Pili. "Na unga wote uliobaki, usiache kitu."

Lilikuwa daftari zuri, kurasa nyingi, limekauka vizuri kwa wino. Lilishika moto kwa njiti moja ya kiberiti.